Bwawa la Sebuleni kwa Verdell

Maneno yale Verdell Tookes aliyasikia kibarazani kwa Bi Ozella Prude, Jumamosi asubuhi, wakimenya maharage mabichi ndani ya beseni moja, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani. Bi Ozella alisema kwamba kina Battle, wale wa nyuma ya kiwanda cha karanga, hawafungui tena mlango wao wa mbele kwa sababu sebule imejaa mahindi.

"Magunia?" Verdell aliuliza.

"Magunia gani. Mahindi yaliyosimama. Yametoboa zulia. Mwezi wa sita yalikuwa usawa wa televisheni."

"Yamefikaje?"

"Kijana wao mkubwa, Renard, si walimshtaki kuvunja duka la matairi? Mwendesha mashtaka akamwambia, sikiliza, hilo la duka tuliache, wewe kubali kosa dogo la kukanyaga shamba la mahindi la mtu, uende kwenu leo leo. Akakubali. Kufika nyumbani, mahindi yameshaota."

"Na duka alivunja?"

"Hata."

"Na shamba alikanyaga?"

"Shamba gani, Verdell? Renard anaogopa nyoka tangu anatambaa. Lakini amesema mbele ya jaji kwamba alikanyaga. Ukishasema pale, limekuwa." Bi Ozella alitupa ganda kwenye ndoo. "Menya basi, mikono imesimama."

Verdell alimenya, lakini maharage aliyatupa kwenye ndoo na maganda akayaweka kwenye beseni. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Kaunti ya Ochasee, mjane, mama wa mtoto mmoja, na wasiwasi wake watu wote waliujua. Alikuwa mtu wa kuchomoa pasi ukutani, kisha kuitia kwenye mkoba na kwenda nayo kanisani, awe na uhakika. Sasa akaenda nyumbani na mahindi ya kina Battle kichwani, akamtazama mwanawe kama anayemtafutia udongo kwenye viatu.

Mwanawe aliitwa Cortavius, ila jina hilo lilitumiwa na walimu tu. Kwa wengine wote alikuwa Tave. Alikuwa na miaka kumi na tisa na tayari alikuwa ameshapokelewa na ushirika wa umeme kujifunza ufundi wa nguzo. Mafunzo yalikuwa yaanze Jumanne inayofuata Sikukuu ya Wafanyakazi ya mwezi wa tisa. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na nguzo mfu isiyo na waya, na jioni Tave aliipanda akiwa amevaa mkanda, akakaa juu kule akitazama mashamba ya karanga, huku mama yake chini amelaza godoro.

"Mama, toa godoro. Watu wanacheka."

"Wacheke. Wao hawakuzaa."

Sasa, mtu wa Ochasee ana mazoea yake, na haya lazima yasemwe kwanza ndipo mambo yaeleweke. Huko, kitu ukikipindua juu chini kando ya barabara, umekitoa. Kiti miguu juu, toroli magurudumu juu, kitanda cha mtoto kifudifudi: anayepita akikipenda, achukue. Hagongi mlango, maana kugonga ni kumfanya mwenye nyumba atoke na kujieleza kwa nini hakitaki tena. Anapakia, anapiga honi mara mbili kushukuru, anaondoka. Bembea ya kibarazani kwa Bi Ozella ilipatikana hivyo. Meza ya Verdell pia. Askari wengi wa sherifu walikua wakilala kwenye vitanda vilivyopatikana hivyo.

Mwezi wa nane Tave alikuwa anapita na pikapu barabara ya mtoni, akaona mbele ya nyumba mpya boti ya bati iliyolazwa kifudifudi karibu na sanduku la barua, na injini yake pembeni imepinduliwa vilevile juu ya tairi. Alisimama. Aliitazama kwa adabu. Akaipakia, injini nayo, akapiga honi mara mbili.

Mwenye nyumba alikuwa Daktari Lyle Fenwick, daktari wa meno mstaafu aliyehamia kutoka Atlanta. Alikuwa ameipindua boti ili isijae mvua. Aliposikia honi alitoka, akaona boti yake inaondoka, akanakili namba za gari. Ile honi aliichukulia kuwa ni dharau.

Askari aliyekuja kwa kina Tookes aliitwa Dewitt Spooner, na Verdell alikuwa amemlisha shuleni tangu akiwa hana meno ya mbele. Alivua kofia mlangoni. Tave alikuwa uani anaipiga boti rangi.

"Tave, hii boti umeitoa wapi?"

"Barabara ya mtoni. Nzuri, eh? Na injini juu."

"Kwa hiyo umeichukua wewe."

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa peke yangu, nusura inivunje mgongo."

Verdell alikuwa dirishani. Alitamani kumwambia mwanawe anyamaze, lakini ilikuwa ni Dewitt, na Dewitt alikuwa anatabasamu. Tave alieleza yote: saa aliyopita, jinsi alivyoinua, rangi aliyochagua. Kuhusu kupinduliwa na kuhusu honi pia alieleza, ila hayo Dewitt aliyasikia akitikisa kichwa tu, maana anayajua, hata kiti anachokalia kituoni kilipatikana hivyo. Kwenye karatasi aliandika kwamba mtuhumiwa amekiri kuchukua na alikutwa akibadilisha rangi.

"Samahani, Bi Verdell," alisema akimfunga Tave pingu. "Chai yako nitainywa siku nyingine."

Boti na injini pamoja zilikuwa na thamani ya kuvuka ule mstari ambao sheria ya jimbo imeuchora kati ya kosa dogo na kosa kubwa. Tave akashtakiwa kwa kosa kubwa la wizi. Jaji aliweka dhamana asiyoiweza mpishi wa shule, kwa maelezo kwamba mshtakiwa alikuwa na boti na angeweza kutoroka. Boti yenyewe wakati huo ilikuwa imefungwa mnyororo nyuma ya kituo cha sherifu.

Tave alipewa wakili wa kulipwa na serikali, mmoja wa wale wanaotetea wasio na uwezo. Aliitwa Annalee Stubbs, binti mdogo mwenye kesi nyingi mno. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba siku za mahakama alikuwa vyumba viwili kwa wakati mmoja. Watu wa mahakama walishazoea. Mmoja alikuwa na sauti kamili na vidole vyenye wino. Wa pili alikuwa amepauka kidogo, na ukimtazama kwa makini ungeona kiti kupitia bega lake. Siku ya kwanza, bahati nzuri, Verdell alikutana na yule mwenye wino.

"Mama, wizi una miguu mitatu," Wakili Stubbs alimwambia kwenye korido. "Wa kwanza, awe amechukua kitu. Wa pili, kitu kiwe cha mtu mwingine. Wa tatu, moyoni awe amekusudia kumnyang'anya mwenyewe. Jimbo lazima lisimamishe yote mitatu. Sisi hatulazimiki kuthibitisha kitu. Mguu wa tatu hawana. Kijana aliamini kwa moyo safi kwamba kimetolewa."

"Na wakisema anadanganya?"

"Alipiga honi. Wewe ulishaona mwizi anayeaga?"

Verdell alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile.

"Nitawakalisha watu kumi na wawili wa Ochasee kwenye jopo, raia wa kawaida wa kuamua kesi," wakili aliendelea, "na niwaulize nani kati yao hana kiti cha barabarani nyumbani kwake. Watamwachia kabla ya chakula cha mchana."

"Basi tufanye kesho."

"Kesi za kusikilizwa na jopo zitafika baada ya Pasaka."

Verdell alihesabu kwa vidole. Pasaka ilikuwa ng'ambo ya Krismasi. "Na akikutwa na hatia?"

Wakili hakumficha. Alimwambia kosa kubwa halikai gerezani peke yake, linatoka na wewe. Kura linazuia hadi umalize adhabu. Bunduki ya kuwindia kulungu na mjomba wake, hapana. Nyumba za kupanga, watauliza. Kazi, watauliza kabla hujakaa. "Ndiyo maana tunapigana," alisema, akatazama saa, kwa sababu yule wa pili alikuwa anamwita kutoka chumba cha pili.

Wakati huohuo Daktari Fenwick alikuwa anajifunza Ochasee. Alikuwa amepindua ndoo zake za kuogeshea mbwa, zikaenda, honi mbili. Akapindua ngazi, ikaenda, honi mbili. Mke wa mchungaji ndiye aliyemweleza. Daktari alikaa chini muda mrefu, kisha akavaa tai, akaenda kwa mwendesha mashtaka, Bwana Sumner Crume.

Bwana Crume hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bakuli la peremende mezani na alimkaribisha kila mtu achukue.

"Nimekuja kufuta kesi ya yule kijana," Daktari alisema. "Nimekosea mimi."

"Huwezi kuifuta, Daktari. Chukua peremende."

"Boti ni yangu."

"Boti ni yako. Kesi ni ya jimbo. Soma hapo juu." Alimgeuzia karatasi. Palikuwa pameandikwa Jimbo dhidi ya Cortavius Tookes. "Jina lako halipo. Wewe hapa ni shahidi tu."

"Lakini kijana hakuiba."

"Ndiyo maana nitampunguzia," alisema Bwana Crume, kwa wema wote.

Ofisini kwake palikuwa na makosa madogo ambayo alipenda kuyatumia kupunguzia makubwa, na aliyachagua kama mtu anavyochagua tai asubuhi. Kukanyaga mahindi. Kuwinda bata mzinga nje ya msimu. Kuacha ng'ombe barabarani. Hakuna aliyekuwa amefanya hata moja. Yalikuwa mepesi, yalimaliza kesi, na jopo halikuitwa. Kwa Tave alichagua kuingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa na kuvua samaki kwenye bwawa lake. Kwa kuwa kulikuwa na boti, aliona linaendana.

Siku ya kukiri ilikuwa Ijumaa ya kabla ya Sikukuu ya Wafanyakazi. Verdell alivaa nguo ya kanisani, pasi ikiwa mkobani. Wakili aliyekuja alikuwa yule aliyepauka.

"Ni kosa dogo," alisema kwa sauti kama ya redio ya nyumba ya jirani. "Kifungo cha nje, mwaka mmoja. Anatoka leo."

"Hakuvua," Verdell alisema.

"Najua."

"Hata bwawa lenyewe lipo wapi?"

"Haijaandikwa."

"Na kazi yake ya nguzo? Anaanza Jumanne. Hili la kuingia kwa watu halitamgusa?"

Wakili alifungua faili, akaligeuza, akalifunga. "Hilo analijua yule mwingine."

"Mwite basi."

"Yuko chumba cha pili na mtu wa bata mzinga."

Tave aliletwa amevaa nguo za mahabusu za rangi ya machungwa, amekonda shingo. Verdell alimshika mkono juu ya kizuizi cha mbao.

"Mwanangu, usiseme. Bi Ozella kaniambia ya kina Battle. Ukishasema pale, limekuwa."

"Mama, naye Bi Ozella na hadithi zake."

"Mahindi, Tave. Sebuleni."

"Mama. Jumanne wananisubiri. Nikingoja Pasaka humu ndani, nguzo yangu atapanda mtu mwingine. Nikisema hili neno moja, Jumanne niko juu." Alimbana mkono. "Maji yakija, nitayafagia."

Hakuna aliyeweza kusema kwamba hesabu yake ilikuwa mbaya. Kila kijana aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa na Jumanne yake.

Jaji aliuliza maswali anayouliza kila mara. Unaelewa shtaka? Ndiyo, mheshimiwa. Unajua una haki ya kusikilizwa na jopo, na kunyamaza, na kuhoji mashahidi, na kwamba unaziacha zote leo? Ndiyo, mheshimiwa. Kuna mtu amekulazimisha? Tave alitazama mlango wa mahabusu, akatazama nguo zake za mahabusu. Hapana, mheshimiwa. Umeridhika na wakili wako? Tave aligeuka, akaona saa ya ukutani kupitia kifua cha wakili wake. Ndiyo, mheshimiwa.

"Je, uliingia kwenye mali ya mtu na kuvua bwawani kwake bila ruhusa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Chumba kilinuka tope. Karani alifungua dirisha, kama alivyofanya kila Ijumaa. Bwana Crume akampa Tave peremende.

Walipofika nyumbani walikuta maji yameshapita kizingiti. Bwawa lilikuwa limejilaza kuanzia kwenye sofa hadi mlango wa jikoni, la kijani, limetulia, lina magugu pembeni na chura mmoja juu ya redio. Kando ya friji lilisimama bango la mbao la zamani: MALI BINAFSI, MARUFUKU KUINGIA. Verdell aliweka mkoba mezani, akavua viatu na kuviweka juu ya kiti.

"Ufagio uko wapi?" Tave aliuliza.

"Kaa ule kwanza," mama yake alisema.

Walikula sukuma wiki na mkate wa mahindi wakiwa wamekunja suruali. Kambare walipita chini ya meza.

Bi Ozella alikuja baadaye kuangalia. Alisimama mlangoni akiwa ameinua sketi.

"Kumbe yako ni maji. Bora maji. Mahindi ya kina Battle yana panya."

"Nilimwambia asiseme."

"Kila mama humwambia." Alichungulia. "Kambare wazuri lakini."

Wiki haikuisha, na watu wakaanza kukumbuka. Mzee Lott wa jirani alimwambia Verdell, kwa upole kabisa, kwamba yeye alimwona Tave siku ile ya boti akivua. "Nikamwambia, mwanangu, hapo pana mwenyewe. Hakunisikia."

"Siku hiyo ulikuwa umelazwa, Mzee Lott. Mimi ndiye niliyekuletea supu."

"Ndiyo," mzee alisema akifikiri. "Supu nayo naikumbuka."

Jumanne Tave aliamka kabla ya jogoo, akavaa mabuti na mkanda, akaenda ushirika wa umeme. Msimamizi, Bwana Gaddis, alikuwa ameshapata taarifa. Alimkaribisha kiti na alionekana kuwa na huzuni ya kweli.

"Ingekuwa ile kesi ya boti bado haijaamuliwa, ningekuwekea nafasi," alisema. "Mtu akishtakiwa hajawa na hatia. Ungeshinda Pasaka, ungepanda Pasaka. Lakini hili umelikubali mwenyewe."

"Ni kosa dogo. Walisema halina uzito."

"Kwa mwingine labda. Sisi kazi yetu, kijana, ni kuingia nyuma ya nyumba za watu wakiwa hawapo. Sasa nimpeleke mtu aliyekiri kwamba huingia kwa watu bila ruhusa?" Alitazama mabuti ya Tave. "Mbona yamelowa?"

"Ni nyumbani," Tave alisema.

Verdell hakulia. Alimchukua mwanawe hadi mahakamani, akakaa kwenye benchi la korido akikataa kuongea na wakili aliyepauka, mpaka akaja yule mwenye wino. Alisikiliza yote, uso ukabadilika.

"Mbona hamkuniuliza la kazi?"

"Tulikuuliza," Verdell alisema. "Ulisema analijua yule mwingine."

Wakili Stubbs alikaa chini kwenye benchi kati yao. "Yule mwingine ni mimi," alisema.



"Linaweza kurudishwa?" Verdell aliuliza.

"Kukiri kunaweza kuombwa kuondolewa, upesi, wakati bado mapema. Lakini lazima jaji aamini kwamba hukujua unachokubali au ulilazimishwa. Na wewe, Tave, kila alichokuuliza ulijibu vizuri. Yote yameandikwa. Halafu akikubali kuliondoa, unarudi ulipokuwa. Kosa kubwa, mahabusu, Pasaka."

"Na mguu wa tatu?" Tave aliuliza. "Ule ambao hawana?"

"Bado hawana," wakili alisema. "Lakini hakuna tena atakayewauliza."

Jina la wakili liliitwa kutoka vyumba vyote viwili. Alisimama, akaelekea huku, na Verdell akamwona akielekea kule pia.

Basi wakaishi. Kila mwezi alikuja afisa wa kifungo cha nje, Bi Ruddock, amevaa mabuti ya mpira. Alikagua chumba cha Tave, akakagua bwawa, akaandika. Sharti la kwanza la kifungo lilikuwa kwamba Tave asikaribie bwawa lolote la mtu binafsi.

"Ni sebule yetu, mama," Tave alimwambia.

"Naiona. Lakini bango linasema mali binafsi."

"Sasa nipite wapi kwenda kulala?"

Bi Ruddock alitazama huku na huku. Hakuwa mkatili. "Dirishani?" alisema.

Tave akawa anaingia kwake kupitia dirishani, na kwa kuwa alijifunza kupanda, hakupata shida. Verdell alilaza godoro chini ya dirisha. Safari hii Tave hakumwambia alitoe.

Jioni moja walikuwa kibarazani wakila karanga za kuchemsha, Tave akasema, bila kumtazama mama yake, "Nilitumia maini ya kuku."

"Maini ya nini?"

"Kwenye ndoana. Siku ile."

"Tave. Hukuvua."

"Najua, Mama." Alivunja ganda. "Lakini yalikuwa maini ya kuku."

Verdell aliweka bakuli chini. Mahindi hayakumtisha hivyo, wala maji. Tangu siku ile kila usiku kabla ya kulala alimwambia mwanawe kupitia dirishani, "Hukuvua," naye akajibu, "Sikuvua," kama wengine wanavyoombeana usingizi mwema.

Boti ilipoachiliwa na kituo cha sherifu, Daktari Fenwick aliileta mwenyewe. Aliishusha mbele ya nyumba ya kina Tookes, karibu na sanduku la barua, akaipindua kwa uangalifu, injini nayo akaipindua juu ya tairi. Alipiga honi mara mbili, ingawa kwa desturi honi hupigwa na anayechukua. Alikuwa bado mgeni.

Tave alitoka. Akaizunguka. Rangi ilikuwa imeishia katikati, pale alipoachia siku ya pingu.

"Ni yako, kijana," Daktari alisema. "Nimeipindua. Umeona?"

"Nimeona, Daktari. Asante."

Kisha Tave akaishika ukingo, akaigeuza ikae sawasawa, tumbo chini, akaingia nyumbani kupitia dirishani. Mvua za vuli zikaijaza. Haikuguswa na mtu mwingine, na siku hizi barabara zote za Ochasee zimejaa viti miguu juu ambavyo watu wanavipita wakiangalia mbele. Honi hazisikiki tena. Ijumaa mahakamani karani anafungua dirisha, na vijana wanatoka na peremende mdomoni, wanakwenda kuona kilichowatangulia nyumbani. Wiki iliyopita mtoto wa kina Dismuke alikubali la ng'ombe. Mama yake alikuja kwa Verdell kuuliza namna ya kuishi nalo, na Verdell alimpa godoro.

Nguzo mfu bado ipo uani. Wewe mwenye kijana ndani ya nyumba, haya ndiyo ya kuepuka:

Usichukue kitu cha barabarani hata kama kimepinduliwa. Gonga mlango, mwenyewe akuone uso.

Usimweleze askari chochote, hata kama ulimlisha ubwabwa. Mwambie jina lako na kwamba unataka wakili, kisha nyamaza.

Usidhani mwenye mali akikusamehe kesi imekwisha. Kesi ni ya jimbo.

Usikubali kosa dogo kabla hujauliza litagusa nini: kazi, leseni, nyumba, kura.

Usizungumze na wakili unayeona kiti kupitia bega lake. Mngoje yule mwingine, hata kama ni mpaka jioni.

Usijibu ndiyo kwa jambo usilolifanya kwa sababu Jumanne iko karibu.

Usile peremende.

Usivue ndani ya nyumba, hata kambare wakirukaruka.

Na ukimkuta mwanao amesimama chini ya nguzo, amevaa mkanda, anatazama juu, usimwite aje kula. Chakula kifunike. Mwache atazame.